Inchi Saba za Mwanga

Usiku ule tulitoka Laini Saba na taa moja.

Ilikuwa 2006, niko darasa la sita. Jirani yetu alianza kuumwa uchungu saa nane usiku, na hakuna teksi ingekubali kuingia ndani saa hizo. Kilichokuwepo ni pikapu ya mjomba: Datsun 1200 ya miaka ya sabini, namba zile za kabla ya KAA, ambayo kazi yake ilikuwa kubeba sukuma na viazi kutoka Marikiti alfajiri hadi soko la Toi. Mama na wanawake wengine wawili walipanda nyuma na mgonjwa juu ya godoro. Mimi nikawekwa mbele kushoto, nikapewa simu ya mama, ile ya tochi tuliyoita mulika mwizi.

“Toa mkono dirishani,” mjomba akasema. “Mulika watu wa pembeni. Ukiona mtu, piga kelele.”

Taa ya kushoto ilikuwa imekufa siku nne. Ya kulia ilikuwa na mwanga wa rangi ya chai. Tulienda polepole, mjomba akipiga honi kila kona, na bado mzee mmoja wa mkokoteni alitokea kushoto, mahali tochi yangu haikufika. Mjomba alikanyaga breki mpaka godoro likateleza. Sauti iliyotoka nyuma sijaisahau.

Tulifika. Mtoto alizaliwa kabla ya jua kuchomoza, na siku hizi ana kitambulisho na ananiomba fare. Lakini asubuhi ile mjomba hakwenda sokoni. Kwa mtu anayekula kwa mzigo wa siku, kukosa Marikiti si mchezo. Akaniambia nipande, twende kwa fundi.

Fundi wa taa alikuwa na base yake upande wa juu wa Kibera, chini ya mabati manne, na nyuma yake ukuta mrefu wa mawe uliopakwa chokaa. Alifungua skrubu tatu, akatoa pete ya chuma, akaichomoa taa nzima kama mtu anayeepua sufuria. Akaitikisa sikioni. Ule waya mwembamba wa ndani ulikuwa umekatika, ukawa unacheza humo kama punje ya mchanga. Akaingia kibandani, akatoka na taa nyingine ya duara yenye vumbi, imeandikwa Lucas.

“Hiyo ni ya Datsun?” nikauliza.

“Ni ya Land Rover.”

“Na itaingia?”

Akacheka. “Kijana, hii ni inchi saba. Inchi saba haiulizi kabila.”

Ikaingia. Plagi ya miguu mitatu, skrubu tatu, ikawaka. Gari la Japani likaanza kuona kwa jicho la Mwingereza, na kesho yake mjomba alikuwa Marikiti saa kumi alfajiri kama kawaida.

Swali langu la utotoni lilikuwa dogo tu: nani aliamua kwamba taa ya Land Rover iingie kwa Datsun? Nilidhani fundi alikuwa na bahati, au mjanja. Alikuwa mjanja kweli, lakini jibu liko mbali na Kibera.

Magari ya kwanza yalitembea na moto halisi mbele. Zilikuwepo taa za mafuta, na taa za kabaidi: unadondosha maji juu ya kabaidi, gesi inatoka, unaiwasha kwa kiberiti, unaomba upepo usizidi. Joseph Lucas wa Birmingham, ambaye jina lake lilikuwa kwenye ile taa ya fundi, alianza karne ya 19 akisukuma mkokoteni wa kuuza mafuta ya taa na ndoo, kabla ya kupata jina kwa taa za baiskeli. Nilipojua hilo nilifurahi kuliko inavyostahili. Ukoo mzima wa taa za magari ya Kiingereza ulianzishwa na mtu wa mkokoteni, kama yule mzee tuliyetaka kumgonga.

Mwaka 1912 Cadillac ikaweka taa za umeme, na wengine wakafuata. Shida ilikuwa kioo cha ndani, kile cha kung’aa kinachorudisha mwanga mbele. Vumbi na unyevu vikiingia, kinapata weusi, na mwanga unapungua pole pole kiasi kwamba dereva hajui anaendesha akiwa nusu kipofu. Tena kila kampuni ilikuwa na umbo lake la taa. Marekani ikalimaliza hilo kwa sheria na makubaliano ya viwanda: kuanzia magari ya 1940, kila gari taa mbili za duara, inchi saba, zimefungwa kabisa. Kioo cha mbele, kioo cha ndani na waya unaowaka vikawa kitu kimoja. Haiingii vumbi, haiingii maji. Ikiungua, unatupa yote na kununua nyingine. Ndiyo taa ambayo gereji zetu zinaiita silibimu.

Kipimo hicho kikasambaa. Waingereza wakakiweka kwa Land Rover na Mini, Wajapani wakakiweka kwa Datsun. Kwa miongo mingi ungeweza kuingia duka lolote la spea duniani, ukasema “inchi saba”, na mwenye duka asikuulize gari gani. Hakuna aliyekaa kwenye mikutano ile akafikiria Nairobi. Lakini uamuzi ule ndio uliomwezesha mzee wa mabati manne Kibera kumrudisha mjomba barabarani kwa bisibisi moja.

Na mwanga, kwa Kibera, haukuwahi kuwa jambo dogo. Mtaa ulianza kama makazi ya wanajeshi Wanubi wa King’s African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20. Hata jina linatoka kwa Kibra, neno la Kinubi la msitu. Serikali ya kikoloni iliwaacha wakae bila kuwapa hati, na hati ya kwanza ya jamii ilikuja 2017, ekari 288 kutoka eneo ambalo mwaka 1918 lilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Kampuni ya umeme ya East African Power and Lighting iliundwa 1922. Nyaya zilifuata watu wenye hati. Mtu asiyetambulika na ramani hapelekewi nguzo, kwa hivyo watu walikaa na koroboi, kisha na stima ya kuunganishwa kwa ujanja, kisha katika miaka ya 2000 ikaja milingoti mirefu ya taa kwenye mitaa ya mabanda, nayo tukaiita mulika mwizi.

Nikiwa mdogo, matanga yakiwa kwetu, Datsun iliegeshwa ikitazama uwanja na taa zikawashwa ili wapishi waone sufuria. Betri ikiisha, vijana wanasukuma. Kwetu taa ya gari ilikuwa ya mtaa pia.

Koroboi ina historia yake, na inaungana na hii. Kenneth King, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alichapisha 1977 kitabu kiitwacho The African Artisan, ambamo aliwafuata mafundi wa Kenya waliokata mikebe na mabati chakavu na kuyageuza vitu vya nyumbani, taa za mafuta zikiwemo. Alitaka kujua ujuzi unapitaje kutoka kwa mtu hadi mtu bila shule. Miaka mitano kabla ya hapo, 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja Kenya na kuandika ripoti iliyolifanya neno “sekta isiyo rasmi” lijulikane duniani. Ripoti ilisema, kwa ufupi, kwamba watu hawa serikali inawafukuza ilhali wanafanya kazi yenye faida. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na baada ya hapo vikaja vibanda vya kuwakinga na jua. Jua kali likawa jina la heshima, angalau kwenye hotuba.

Pikapu zilikuwa damu ya uchumi huo. Kenyatta aliporuhusu matatu 1973 zibebe abiria bila leseni ile ya mabasi, watu walichukua pikapu, wakapeleka kwa fundi wa bati, wakajengewa kibanda nyuma na benchi mbili za mbao. Mchana inabeba watu, alfajiri ilikuwa imebeba kabichi. Mjomba alinunua Datsun yake kwa mtu aliyekuwa akiifanya hivyo hivyo. Matundu ya boliti za kibanda bado yako kwenye bodi, yamezibwa kwa gundi. Kwa nini Datsun? Muulize mtu yeyote wa umri wake, atakujibu kwa Safari Rally. Datsun ilishinda 1970, 1971 na 1973, halafu Shekhar Mehta, dereva wetu, akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Wale wa kizazi changu waliojua Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 kule Naivasha hawawezi kuelewa jina hilo lilivyouza magari. Mjomba aliweka mpaka taa mbili za ziada kwa bampa, kama za mbio. Hazikuwahi kuwaka.

Sasa nije kwa kilichoharibika.

Mwaka 1983 Marekani ileile iliyofunga taa zote kwenye inchi saba ikaruhusu taa za plastiki, kila gari na umbo lake, zenye balbu ya kubadilishwa. Ulaya ilikuwa imeshapita njia yake zamani. Balbu ya H4, yenye dimu na fulu ndani ya kichupa kimoja, ilikuwepo tangu mapema miaka ya sabini. Sababu zilikuwa za maana. Gari lenye pua laini linakata upepo na kuokoa mafuta. Plastiki haivunjiki kwa kokoto, na ikimgonga mtu haimkati kama kioo. Na mwanga wa H4 ukilinganishwa na silibimu ya zamani ni mbingu na ardhi. Sitaki kudanganya mtu hapa kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Nilikuwa na tochi mkononi usiku ule.

Lakini taa ikishakuwa na umbo la gari moja tu, inapatikana kwa watu wawili tu: anayeuza mpya, na aliyeitoa kwa gari lingine.

Kenya ilifungua mlango wa magari ya mitumba kutoka Japani miaka ya tisini, baadaye ikaweka kanuni kwamba gari lisizidi miaka minane. Kwa hivyo mengi yanafika na miaka sita, saba. Plastiki ya taa ina ngozi nyembamba ya kuikinga na jua, na ngozi hiyo ikiisha, miale ya jua inaigeuza njano, kisha ukungu. Gari linafika Mombasa ngozi ikiwa tayari imechoka, halafu linaegeshwa miaka kumi chini ya jua la hapa. Angalia Probox yoyote Kawangware. Probox ndiyo imechukua kazi ya Datsun ya mjomba, inabeba maziwa, mitungi ya gesi, miraa, watu saba, na nyingi zinatazama dunia kupitia kitu kama nailoni ya sukari.

Unafanyaje? Ukienda dukani, pesa wanayotaka ni ya mafuta ya wiki nzima au zaidi. Basi unaenda Grogon.

Hapa niseme kidogo, kwa sababu watu wengi wa rika langu wanasema “Grogon” bila kujua wanamtaja nani. Barabara inaitwa Kirinyaga rasmi. Jina la zamani ni la Ewart Grogan, Mwingereza aliyepata sifa kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, akaja kuwa mmoja wa walowezi wenye mali nyingi zaidi nchini. Machi 1907 aliwachapa viboko hadharani vijana wa Kikuyu waliokuwa wavuta riksho, mbele ya mahakama ya Nairobi, umati wa Wazungu ukitazama. Kosa walilosingiziwa ni kuwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wakiwavuta. Kwa hiyo wavuta magari walichapwa na mtu ambaye leo spea zote za jiji zinatafutwa kwa jina lake. Serikali ilibadilisha kibao baada ya uhuru. Midomo yetu haikubadilika. Sijui kama hiyo ni kusahau au ni aina ya kisasi, kumfanya bwana yule awe mahali pa kununua bampa.

Grogon utapata taa. Wauzaji wengi pale wana mali halali iliyoshuka kwa kontena, nusu-gari zilizokatwa Japani na Dubai. Lakini Nairobi nzima inajua utani ule kwamba unaweza kwenda kununua taa na ukauziwa yako. Ndiyo maana watu wanachonga namba ya gari juu ya taa na vioo vya pembeni, wanapiga riveti, wengine wanaweka vyuma kama vya dirisha la duka. Wizi huu haukuwa na maana enzi za inchi saba. Nani angeiba kitu ambacho kila gari linacho na kila duka linauza? Taa ilipoacha kuwa ya kila mtu, ndipo ikawa na thamani ya kuibwa kwenye jam ya saa moja jioni, mwenyewe akiwa ndani.

Kuna kingine mnunuzi hakijui mpaka usiku. Sisi tunaendesha kushoto. Taa ya dimu hutengenezwa ili mwanga wake uinuke kidogo upande wa kando ya barabara, uone watembea kwa miguu, na ushuke upande wa gari linalokuja. Taa iliyotolewa kwa gari la Ulaya bara, ambako wanaendesha kulia, inafanya kinyume. Inaingia vizuri, inawaka vizuri, na inampiga machoni kila dereva unayepishana naye huku ikimwacha gizani mtu wa mkokoteni. Ni rahisi kuliko ya Japani kwa sababu hiyo tu.

Mwaka 2018, Julai 23, matingatinga yaliingia Kibera asubuhi na mapema. Ilikuwa barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang’ata, ambayo ilikuwa kwenye ramani kwa miaka mingi. Maelfu walilala nje siku hiyo. Shule zilianguka na madawati ndani. Hayo yaliandikwa sana na magazeti. Halikuandikwa, na sikutarajia liandikwe, kwamba ule ukuta wa chokaa nyuma ya mabati manne ulianguka pia.

Nilipita pale siku mbili baadaye. Wiki zilizotangulia mtu alikuwa amechora X nyekundu katikati ya ukuta, na mzee alikuwa akiitumia X hiyo kupimia taa, kwa sababu ilikuwa kwenye urefu mzuri. Alikuwa amenionyesha akicheka. Kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa amechora mistari ya chaki kwenye ukuta ule: huu wa Datsun, huu wa Peugeot, huu wa Canter. Kila gari na urefu wake. Ilikuwa kama kitabu. Nilikuta mawe, na vijana wakichagua yaliyo mazima wakauze.

Mzee alihamia Kawangware, upande wa Gatina, kwa kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Hivyo ndivyo ujuzi unavyopita, King angefurahi. Kijana hashughuliki na silibimu. Yeye ni mtu wa plastiki. Nimekaa naye nikimtazama. Anazungushia taa gundi ya karatasi ili asikwaruze rangi ya bodi, anaanza na msasa mkali na maji, 800, kisha 1500, kisha 2000. Ukiona hatua ya kwanza utalia, taa inageuka nyeupe kama maziwa na mwenye gari anaanza kumtazama vibaya. Halafu polishi, na kioo kinarudi polepole. Wengi mtaani wanaishia hapo, au wanatumia Colgate, na mteja anaondoka akifurahi. Miezi michache ijayo njano inarudi mbaya zaidi, kwa sababu ile ngozi ya kukinga jua umeitoa yote na hujarudisha kitu. Kijana anapuliza vanishi ya gari juu yake, tabaka mbili. Mzee alimwambia asiruhusu gari kuondoka bila hiyo. “Taa bila ngozi ni kidonda,” humwambia.

Mwaka jana Datsun ilikataliwa kwenye ukaguzi. Pikapu ya mizigo bila ukaguzi haiwezi kubeba mzigo kihalali, na mjomba sasa ana miaka sabini na kitu, amechoka kujibizana na watu barabarani. Kosa lilikuwa la haki: taa hazikuwa na nguvu, na moja ilitazama juu kama inaomba. Shangazi akasema iuzwe kwa kilo. Mtu wa vyuma chakavu alikuja mpaka mlangoni, akaipiga teke tairi, akataja bei. Mjomba hakujibu. Akanipigia simu mimi.

Tuliipeleka Kawangware Jumamosi. Njiani mjomba alikiri, kwa aibu kidogo, kwamba alikuwa amepita Luthuli akanunua balbu za LED zinazong’aa kama welding. Aliziweka siku tatu kwenye zile taa za H4 za kioo tulizomwekea zamani. “Kila mtu alikuwa ananipigia fulu,” akasema. Mzee alipozisikia alitikisa kichwa. Kioo cha taa ile kimepigwa hesabu kwa waya mwembamba wa H4, mahali pake hasa, milimita si nyingi. Ukiweka kitu chenye umbo lingine, mwanga unatawanyika. Mbele ya bampa kunang’aa, barabara ya mbali hakuna kitu, na anayekuja anapofuka.

“Tatizo lako halikuwa balbu, Mzee mwenzangu,” akamwambia mjomba. “Ni njaa. Taa ina njaa.”

Akachukua testa. Kwenye betri kulikuwa na volti 12 na nusu. Kwenye plagi ya taa, injini ikiwa imezimwa na taa zikiwa zimewashwa, tulipata kumi na kidogo. Nyaya za Datsun zilitengenezwa kwa taa za miaka ya sabini, nyembamba, na umeme wote ulikuwa ukitoka kwa betri, unapita kwenye swichi ya dashibodi, unazunguka, ndipo unafika mbele. Miaka zaidi ya 40 ya kutu kwenye kila kiungo. Balbu ikikosa volti mbili haipotezi mwanga kidogo, inapoteza karibu nusu. Ile swichi ilikuwa moto ukiigusa.

Kazi ilichukua siku nzima. Waya mnene mpya kutoka betri, fyuzi, rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, ili swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamrisha tu na si ya kubeba mzigo. Halafu athi: akakwangua rangi na kutu kwenye bodi nyuma ya grili mpaka chuma cheupe kikaonekana, akafunga boliti mpya na kupaka grisi. Vioo vyenyewe vya inchi saba alivibadilisha vyote viwili, kwa sababu cha kushoto kilikuwa kimepata weusi ndani. Nilimuuliza kama bado vinapatikana. Akaniambia niangalie Jeep na Land Cruiser za kazi, halafu nimuulize tena. Taa ya duara haijafa, imekuwa tu ya watu wa pande mbili, wenye pesa sana na wasio nazo.

Balbu zikawa H4 za kawaida, 60 na 55. Mjomba alitaka 100. Mzee akakataa, akasema zitachoma plagi, na tena ni makosa.

Kwenye Kawangware hana ukuta. Anaomba wa shule iliyo karibu, saa kumi na mbili unusu jioni, watoto wakishaenda na mlinzi akishapewa ya chai. Tulisukuma gari hadi kwenye alama aliyochora chini kwa rangi. Akapima kwa tepu kutoka ardhini hadi katikati ya taa, akaenda ukutani, akachora msalaba wa chaki kwa urefu huo huo. Akafunika taa moja kwa koti. “Dimu!” akapaza sauti. Mimi ndani nikawasha. Akazungusha skrubu ya juu, nusu duara, robo, mpaka mwanga ukashuka kidogo chini ya msalaba, halafu ile ya pembeni, mpaka kile kipande kinachoinuka kikakaa kushoto. Akahamisha koti. “Dimu! Fulu! Rudisha!” Watoto wawili wa jirani walikuja kutengeneza sungura kwa vidole kwenye ukuta, akawaacha.

Gari lilipita ukaguzi Jumanne. Alhamisi nilimwambia mjomba akae kushoto, niendeshe mimi. Tulitoka Laini Saba saa tisa na nusu usiku, tukapitia ile barabara mpya, juu kabisa ya mahali palipokuwa na mabati manne. Mjomba hakusema kitu pale. Mbele kidogo kulikuwa na mtu wa mkokoteni, amebeba mitungi ya maji, upande wa kushoto, koti jeusi, hana hata kitambaa cha kung’aa. Nilimwona kutoka mbali, nikapunguza mwendo, nikashusha fulu kuwa dimu ili nisimpofushe. Akainua mkono.

“Huyo alikuwa wapi mpaka umemwona?” mjomba akauliza.

“Pale kwa ile nguzo, Anko.”

Akageuka kuiangalia nguzo ikipita, akahesabu kitu kimoyomoyo, kisha akaniambia nikaze mwendo, Marikiti wanaanza kupakua.